Bwana Rafu na Faili la Mke wa Mnyongwa

Siku ya kumzika mkewe, Bwana Rafu alipanga viti. Watu wanaingia na vilio vyao, yeye anahesabu: safu nne, viti kumi na viwili kila safu, na njia ya kupita katikati. Dada wa marehemu akaninong'oneza, "Huyu mtu ana moyo au ana tofali?" Na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Siku ya nne akarudi kazini, akavaa koti lake la kijivu lenye mifuko mitatu, akasaini kitabu cha mahudhurio, akaniuliza kama gundi imekwisha.

Mimi ni mjalidi. Nashona upya vitabu na mafaili yaliyochakaa katika nyumba ya kumbukumbu, chumba cha chini, ambako mwanga unaingia kwa dirisha moja la nondo na harufu ni ya karatasi iliyoloa, ikakauka, ikaloa tena. Yeye ni mtunza mafaili. Miaka thelathini na moja ametembea kati ya zile rafu mpaka tukampa jina hilo la Rafu, na yeye akalipokea kama alivyopokea kila kitu, bila neno. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitabu cha mahudhurio, mstari mmoja juu ya langu. Hakuna aliyelitumia.

Sitaficha, alikuwa ananikera. Ukimpa pole anasema, "Asante, imeshapita." Ukimwekea chai anaiacha ipoe kabisa, kisha anainywa kwa mkupuo mmoja kama dawa ya minyoo. Miezi minane nilimngoja alie, au anigombeze, au avunje hata kikombe. Mume wangu aliponihama nilivunja sahani sita nikapata usingizi. Bwana Rafu hata kijiko hakukiangusha. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na ganzi ya mtu mwingine inachosha kuitazama.

Ndipo akaja yule mkunga mstaafu. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, mkoba mweusi umebanwa kwapani, na mikono ya mtu aliyezoea kushika vitu vinavyoteleza. Aliteremka ngazi zetu bila kushika ukuta, akaketi mbele ya meza ya Bwana Rafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemfuata babu yangu. Alinyongwa."

Alisema hivyo kama mtu aliyefuata mwavuli aliousahau. Bwana Rafu akavuta karatasi, akachukua kalamu. Mimi nikaacha sindano yangu, kwa sababu mimi si malaika na masikio ninayo.

Hakuzunguka mbuyu. Babu yake alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la ngozi, akamuua mnyapara wake, akanyongwa. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa. Wakati huo mama yake huyu mkunga alikuwa bado tumboni. Bibi akamzaa peke yake, akamlea peke yake, akazeeka peke yake.

"Ukoo wetu una neno moja tu juu ya bibi," akasema. "Kwamba alimuuza mumewe. Alisimama kortini akasema, nilimwona. Halafu hakwenda kumwombea. Hata maiti hakuidai. Alipokufa wakamzika nje ya uzio, kule wanakopita mbuzi. Sasa wanajenga ukuta wa makaburi na kuweka jiwe lenye majina ya wazee wote. Babu ataandikwa. Muuaji anaandikwa, mwanangu! Bibi hapana. Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo, na Jumatatu fundi wa mawe anaanza kuchonga."

"Unataka nini hasa, mama?"

"Nataka kujua kama alimwombea asinyongwe. Kama hakumwombea, nitakaa kimya mpaka nife. Kama alimwombea, hicho kikao nitakipindua juu chini."

Bwana Rafu akaandika jina la babu. "Na jina la bibi?"

Mkunga akatazama mkoba wake. "Silijui. Sisi tulimwita Bibi. Mama yangu alimwita Mama. Majirani walimwita Mama Binti. Waliolijua jina lake wamekwisha wote."

Kalamu ikasimama. Bwana Rafu akalisoma tena lile jina la mwanamume, akasema kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka, "Miaka kumi na moja iliyopita alikuja mwalimu mmoja na jina hili hili."

"Ni mtoto wa kaka yangu. Yeye ndiye aliyeileta ile karatasi nyumbani, akaisoma mbele ya watu. Kabla yake ilikuwa fununu tu."

"Karatasi ile niliitoa mimi. Aliomba hukumu, nikampa hukumu."

Nilidhani yule mama atamtukana, na ningemsaidia. "Basi ulitoa nusu, mwanangu," akasema. "Nimekuja kuchukua nusu iliyobaki."

Faili la kesi lilipatikana siku hiyo hiyo, baada ya mkunga kuondoka. Lilikuwa na kurasa arobaini na mbili za wino wa kahawia, kingo zimeliwa na mende. Bwana Rafu alilisoma kwa sauti akiwa amesimama, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa, na mimi nikasikiliza huku nikipaka gundi. Mshtakiwa alimchoma mnyapara kwa kisu cha kukwangulia ngozi, mara mbili, mlangoni mwa ghala, saa nne asubuhi, watu wanaona. Aliua, na wala hakukana. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema kisu kilikuwa cha ghala, kirudishwe.

Shahidi wa tatu hakuwa na jina. Karani aliandika "mke wa mshtakiwa" na kuishia hapo. Makarani wa siku zile hawakujisumbua na jina la mwanamke akiwa na mume wa kuandikiwa. Maneno yake yalikuwa mistari minne. Alimwona mumewe akija nyumbani, akamwona ananawa, maji yalikuwa mekundu, hakumuuliza kitu. Chini yake ilikuwepo alama ya dole gumba.

Kisha Bwana Rafu akashusha kitabu cha gereza, kile ambamo uzito wa wanyongwa uliandikwa ili kamba ikatwe kwa kipimo. Kitabu hicho nilikishona mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma. Nilikitia ngozi mpya mgongoni nikakisifia, na sikusoma hata mstari, maana mjalidi akianza kusoma hamalizi kazi. Sasa nikakisoma. Ratili mia moja ishirini na sita, yaani kilo hamsini na saba. Tarehe kumi na nne, saa mbili na dakika tano asubuhi. Aliyedai mwili: hakuna. Niliweka brashi chini. Mtu mzima, na uzito wake ulikuwa kama wa mwanangu wa sekondari.

Jalada la maombi ya huruma, lile lililopangwa kwa majina ya wafungwa, halikuwa na kitu chini ya jina lake. Bwana Rafu alilipekua mara mbili. Akakaa, akachukua kijikaratasi cha majibu, akaandika: Hakuna ombi.

Nikamwazia mkunga akirudi nyumbani na kijikaratasi hicho kwenye mkoba. Karatasi haipo, haipo.

Bwana Rafu hakukitia saini. Alikitazama tu. Halafu akaniuliza swali ambalo kwa miaka tisa ya kukaa naye chumba kimoja sikulitegemea.

"Fundi, wewe mume wako ulikuwa unamwitaje?"

"Kwa jina lake. Na kwa majina mengine ambayo siwezi kuyataja ofisini."

Hakucheka. "Wangu hakunitaja jina. Miaka thelathini na mitatu. Baba Pacha. Akikasirika, wewe. Akiongea na wageni, mwenzangu. Mama yangu naye kwa baba alikuwa hivyo hivyo, ni heshima." Akakichana kile kijikaratasi mara mbili, akavitia vipande mfukoni. "Na huyu bibi pia hakumtaja mumewe. Alitia dole, hakujua kuandika, kwa hiyo mwandishi wa barua aliandika alichoambiwa. Kama ombi lipo, halina jina la mnyongwa. Haliwezi kukaa kwenye jalada lake."

Zamani, barua ya mtu wa kawaida ikiingia ofisini ilifunguliwa faili kwa jina la aliyeileta, liwe ombi la kiwanja au malalamiko ya mbwa. Kati ya siku ya hukumu na siku ya kamba ziliingia barua mia tatu na kumi na mbili. Bwana Rafu alianza na ya kwanza. Hakuacha kazi yake nyingine hata moja; alifanya hili saa za chakula na saa za kungoja, akishuka na mafaili kumi kumi mkononi. Alikuwa anatafuta dole gumba na neno "bwana wangu". Siku ya tatu macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, na nikamwambia walau sasa anafanana na mtu aliyefiwa. Mdomo wangu hauna kufuli, ndivyo nilivyoumbwa. Akasema, "Nipe kitambaa chenye maji," akaendelea.

Alhamisi, kabla ya saa sita, akaniita kwa kidole. Faili lilikuwa jembamba, karatasi mbili tu, na jalada la juu lina jina la mwanamke, jina lake na la baba yake, kwa mwandiko mzuri wa karani. Nikaisoma barua nikiwa nimesimama.

"Mimi mwenye dole hapa chini naomba bwana wangu aliye kwenu asife. Nilisema niliyoyaona kwa sababu mliniapisha. Hamkuniuliza mengine. Hamkuniuliza yule mtu alimfanya nini bwana wangu mbele ya wenzake kwa mwaka mzima. Sisemi hakuua. Mpeni kazi ngumu mpaka azeeke, mimi nitamngoja. Nina mimba ya miezi sita. Nimekuja kwa miguu siku mbili na nitakuja tena."

Nikachukua lenzi yangu ya kazi. Tukaliweka dole la barua kando ya dole la ushahidi. Yote mawili yalikatwa na kovu moja, jembamba, kutoka kona ya juu mpaka katikati, kovu la mtu aliyejikata na kisu cha jikoni zamani. Sikuhitaji kutazama mara ya pili, lakini Bwana Rafu alitazama mara nne.

Barua ilipokelewa tarehe tano. Siku tisa kabla. Pembeni karani alikuwa ameandika: "Bwana yupi? Mwombaji aulizwe. Irudishwe mezani tarehe 19." Na chini yake, kwa wino ule ule: "Tarehe 19. Mwombaji hakuonekana. Ifungwe."

Tarehe kumi na tisa mumewe alikuwa na siku tano ardhini. Nilimtukana yule karani, kwa sauti, matusi ya mama yake na ya shule aliyosoma. Bwana Rafu alingoja nimalize. "Alifanya kazi yake," akasema. "Hakujua ni bwana yupi. Mimi ningeandika hivyo hivyo."

Hilo liliniudhi kuliko barua yenyewe, kwa sababu lilikuwa kweli.

Mkunga alikuja Ijumaa asubuhi. Bwana Rafu akamsomea yote kwa mpangilio: ushahidi kwanza, barua, maandishi ya pembeni, kisha tarehe ya kamba. Hakuruka wala hakupamba. Yule mama alisikiliza mikono ikiwa juu ya mkoba. Bwana Rafu alipofika kwenye siku mbili za miguu na mimba ya miezi sita, yule mama alifumba macho. Mkunga anajua miguu ya mimba ya miezi sita inavyovimba.

"Kwa hiyo walikuwa nayo," akasema.

"Walikuwa nayo, mama. Ofisi hii ndiyo iliyorithi. Siwezi kukwambia kwamba wangemwachia. Wengi waliombewa na wakanyongwa."

"Sikuuliza kama wangemwachia. Niliuliza kama alimwombea."

"Alimwombea."

Akamwonyesha jalada la juu, akamsomea jina. Mkunga akalirudia taratibu, mara tatu, kama anayepewa mtoto mchanga na kuambiwa amshike shingo. Halafu akalia, bila aibu, akipangusa kwa ncha ya kanga, na mimi nikalia naye kwa kuwa nilikuwa karibu. Bwana Rafu akaenda kutoa nakala.

"Nimekutolea na nakala ya ushahidi," akasema aliporudi. "Utaisoma kikaoni au utaiacha?"

"Mwalimu wetu alisoma nusu, ona alichotufanyia. Nitasoma yote."

Alipoondoka, ilibaki kazi ya kuunganisha. Faili la mume na faili la mke yalipaswa kuwa faili moja. Ndivyo utaratibu unavyosema, na Bwana Rafu hakuwahi kuruka utaratibu. Nikatoboa matundu, yeye akapitisha kamba. Kwenye karatasi ya mbele akaandika tarehe ya siku ile na maneno: "Ombi limeunganishwa na kesi linayoihusu." Akatia saini. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Ndipo akaanza kusema, macho yakiwa kwenye fundo.

"Siku ile hospitali nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Nilipewa fomu nijaze. Nikasikia mwanamke anaita jina langu, lile la kuzaliwa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti ilifanana na yake. Nikasema siyo, mke wangu haniiti hivyo, kuna mgonjwa mwingine mwenye mtu wa jina langu. Nikaendelea kujaza. Umri. Anwani. Jina la mume." Akakaza fundo. "Nilikuwa naliandika jina lenyewe, Fundi. Muuguzi akatoka akaniambia ameshakata kauli, hawezi tena kusema. Nilipoingia alinitazama tu, mpaka jioni."

Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, na hakuuondoa, lakini wala hakunishika.

"Aliogopa, kwa hiyo akasahau heshima," akasema. "Akaniita kama mtu anayeita mtu. Nami sikujua ni mimi." Akalibeba lile faili akalirudisha mahali pake, rafu ya kumi na saba, akateremka, akaosha mikono. Tukafunga ofisi.

Jumamosi na Jumapili sikutulia. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilimwonea uchungu Bwana Rafu na nikajionea aibu, maana miezi minane nilikuwa namtaka avunje vikombe, na kumbe mtu alikuwa bado yuko kwenye lile benchi, kalamu mkononi.

Jumatatu mchana simu ya ofisi ikalia, nikaipokea mimi. Alikuwa mkunga. Kikao kilichukua saa tano. Mwalimu alimuuliza kwa nini anasoma na ule ushahidi, si ungemharibia bibi? "Nikamwambia bibi alisema kweli mara mbili, ninyi mmesikia mara moja," akasema. Wawili walitoka nje wakinung'unika. Kaka yake mkubwa aliomba aone lile dole, akaweka lake juu ya karatasi, akakaa hivyo. Uzio utasogezwa. Na fundi wa mawe alikuwa pale pale anachonga. Nikasikia patasi ikigonga kwenye simu, tik, tik, tik. "Yuko kwenye herufi ya nne," mkunga akasema. "Mwambie huyo mwanangu. Mwambie jina limetoka kwake."

Nikaenda kumwambia. Alikuwa mwisho wa chumba, juu ya ngazi ya mbao, amenipa mgongo, anarudisha mafaili. Nilipita mezani, kitabu cha mahudhurio kiko wazi, na jina lake liko pale, mstari mmoja juu ya langu. Miaka tisa nimeliona kila asubuhi. Sijui kama nilifanya vizuri. Niliona tu kwamba duniani lazima awepo mtu mmoja wa kumwita.

Nikamwita kwa jina lake.

Hakugeuka. Akasukuma faili, akachukua jingine. Nikamwita tena, kwa nguvu zaidi, na sauti yangu ikapiga kwenye rafu za chuma. Mkono wake ukasimama hewani. Nikamwita mara ya tatu.

Faili likamtoka, likaanguka, karatasi zikatawanyika sakafuni, mtu ambaye hakuwahi kuangusha kijiko. Aliteremka ngazi akiruka vipandio, akanipita mimi bila kuniona, akaenda mbio kuelekea mlangoni, koti la kijivu likipepea.

"Naam," alikuwa anasema. "Naam, nimesikia. Ni mimi. Nakuja."

Mlangoni hapakuwa na mtu.